Mzee wa kwenye bango la kuku: aliuza jina lake, akabaki anaulilia mchuzi

Wiki mbili zilizopita, Alhamisi usiku, tulikuwa kwenye gari tunatoka Ruwi kurudi Seeb. Mwanangu wa mwisho, ana miaka 7, akanyoosha kidole kwenye bango la mgahawa wa kuku, lile lenye mzee wa ndevu nyeupe na tai nyembamba nyeusi. Akataka kujua kama yule babu alikuwa mtu kweli au ni katuni tu.

Nikamwambia ni mtu kweli, ila kafa zamani. Akauliza kama alikuwa mpishi. Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza kidogo, halafu akatoa suala ambalo mpaka leo limenikaa kichwani: kama ni mpishi na keshakufa, sasa nani anaonja chakula?

Mtoto kauliza lake, lakini mimi mawazo yangu yalikwenda moja kwa moja kwa wifi yangu. Wifi ana mgahawa mdogo hapa hapa Seeb, meza 6 tu, anauza urojo, mishkaki, kachori, bajia na mihogo ya nazi. Watu wanatoka mpaka Sohar kuja kula. Na mwezi huu kajiwa na mfanyabiashara anayetaka kumfungulia matawi manne kwa mpigo, kwa jina lake na picha yake mlangoni. Karatasi ziko mezani, zinasubiri sahihi. Kaniuliza mie naonaje, maana katika ukoo ndiye ninayesemwa nasoma sana.

Sikuwa na jibu. Nikaamua nikayasome vizuri maisha ya yule babu wa kwenye bango. Leo nawasimulia na nyinyi, ndugu zangu, kwa sababu najua humu Ghuba, na Uingereza pia, hatukosi familia zenye mgahawa, au zinazouota.

Mtoto wa jikoni

Jina lake kamili ni Harland David Sanders. Alizaliwa tarehe 9 Septemba 1890, karibu na mji mdogo wa Henryville, jimbo la Indiana, Marekani. Baba'ke alifariki mwaka 1895, yeye akiwa na miaka 5. Mama'ke ikambidi atoke kwenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha kusindika nyanya, na Harland, akiwa ndiye mkubwa, akaachiwa nyumba na wadogo zake wawili. Ndiyo hapo alipojifunza kupika. Akifika miaka 7 alikuwa anaweza kuoka mkate na kupika mboga zikalika.

Mama'ke akaolewa tena, na yeye na baba wa kambo hawakuelewana. Akiwa na miaka kama 13 akaondoka nyumbani. Skuli akaiacha. Mwaka 1906, na miaka yake 16, alidanganya umri akaingia jeshini, akapelekwa Cuba, na hakukaa hata mwaka akarudi.

Baada ya hapo, bwana, kazi hakuna asiyoifanya. Alikuwa mtia makaa kwenye treni. Akasomea sheria kwa njia ya posta, akawa anasimamia kesi huko Arkansas, mpaka siku aliyopigana na mteja wake mwenyewe ndani ya mahkama, kazi ikaishia hapo. Akauza bima. Akaanzisha kampuni ya kivuko cha kuvusha watu mto Ohio. Akajaribu biashara ya taa, ikamfilisi. Akauza matairi. Kila akipanda anateleza, kama mtu anayekwea mnazi uliolowa mvua. Sehemu nyingine ilikuwa bahati mbaya, sehemu nyingine ulimi wake na hasira zake. Hilo la hasira tuliweke akilini, tutalihitaji mbele.

Sheli ya Corbin

Mwaka 1930, akiwa anafika miaka 40, akapewa kusimamia kituo cha mafuta pembeni ya mji wa Corbin, jimbo la Kentucky. Kituo kilikuwa cha kampuni ya Shell. Sie tuliokulia Unguja na Dar, ambao kila kituo cha mafuta tunakiita sheli, hapa kwa mara moja tumepatia.

Barabara ile ilikuwa ya wasafiri wa masafa marefu. Wakisimama kutia mafuta, wanauliza pa kula. Sanders akawa anawakaribisha kwenye meza yake ya kulia, pale pale anapoishi, anawapikia alichokuwa anapika tangu utoto: kuku wa kukaanga, nyama, mboga, vimikate vya moto na mchuzi mzito wa kumwagia. Huo mchuzi ushikeni, ndio kisa chote.

Sifa zikaenea. Mwaka 1935 gavana wa Kentucky akampa heshima ya Kanali. Si cheo cha jeshi, ni heshima ya jimbo, kama mtu wa kwetu kuitwa Sheikh kwa kuheshimiwa tu. Baadaye akaivalia kabisa: suti nyeupe, ndevu nyeupe, tai ya kamba na mkongojo. Mkahawa ukakua ukawa na nyumba ya wageni. Mwaka 1939 ukaungua moto, akaujenga upya, mara hii wa kukalisha watu 142. Duncan Hines, mwandishi aliyekuwa anazunguka Marekani kuwaelekeza wasafiri pa kula, akauingiza kwenye kitabu chake.

Lakini kulikuwa na tatizo. Kuku wake, akikaangwa kwa sufuria la chuma, alichukua nusu saa. Msafiri hana nusu saa. Kumtosa kwenye mafuta mengi ni haraka, ila ladha hakuipenda. Mwaka 1939 masufuria ya presha yakaanza kuuzwa madukani. Akanunua, akalifanyia marekebisho, akawa anakaanga kuku kwa presha, kwa muda mfupi zaidi na ladha ikabaki. Mwaka 1940 akakamilisha mchanganyiko wake wa viungo 11 ambao mpaka leo ni siri.

Nasimama hapo kidogo. Wengi tunasimulia kisa hiki kama vile mzee alikuwa msafi na kampuni ndiyo iliyoleta haraka. Si kweli. Haraka aliianza mwenyewe. Ila aliianza na ulimi wake mezani: alijaribu, akaonja, akakataa, akajaribu tena. Mwenye kukata muda wa kupika ndiye huyo huyo mwenye kuonja.

Barabara ikahama

Mwaka 1952 Sanders alimpa rafiki yake Pete Harman, mwenye mgahawa Salt Lake City huko Utah, ruhusa ya kupika kuku kwa njia yake. Harman akafanikiwa sana, na jina la Kentucky Fried Chicken lilianza kuandikwa huko Utah, si Kentucky. Makubaliano yao yalikuwa rahisi: kwa kila kuku atakayeuzwa, Sanders apate senti 4.

Alilichukulia kama jambo la pembeni. Riziki yake ilikuwa Corbin. Lakini katikati ya miaka ya hamsini serikali ikachora barabara kuu mpya, na barabara hiyo ikaupita mji wa Corbin kwa mbali. Magari yasipopita, nani ale? Mwaka 1956 akauza mali yake kwa mnada, dola 75,000, akalipa madeni. Akabaki, na miaka yake 65, na mafao ya uzeeni ya dola 105 kwa mwezi.

Ndugu zangu, hebu tumfikirie mzee wa miaka 65, mkahawa alioujenga mara mbili umekwenda. Wa kwetu tungeshamwambia apumzike, asubiri wajukuu. Yeye akatia sufuria la presha na mfuko wa viungo ndani ya gari, akaingia barabarani. Anafika kwenye mgahawa asiojulikana, anaomba awapikie mwenyewe na wafanyakazi wake. Wakipenda, anabaki siku kadhaa anawapikia wateja. Wakipenda na wateja, wanapeana mkono. Usiku mwingine alilala kwenye kiti cha nyuma cha gari. Mkewe Claudia, waliyeoana 1949, alikuwa nyumbani anachanganya viungo, anafunga, anatuma kwa treni na posta. Viungo vilikwenda vimeshachanganywa, hivyo waliokuwa wanapika hawakujua ndani mna nini.

Kwa njia hiyo, mpaka mwaka 1963 migahawa zaidi ya 600 ya Marekani na Canada ilikuwa inauza kuku wake. Na ilikuwa si matawi. Ilikuwa ni migahawa ya watu, kila mmoja na jina lake na mwenye nacho, kuku wa Kanali akiwa ni chakula kimoja tu kwenye orodha. Naye akipita kuwatembelea, anaingia jikoni.

Siku ya kuuza

Mwaka 1964, akiwa na miaka 73, wakaja watu wawili, John Y. Brown, wakili kijana, na Jack Massey, tajiri wa Tennessee. Walitaka kununua kampuni. Sanders alisita. Mwisho akakubali dola milioni 2, na mshahara wa maisha wa kuwa sura na sauti ya kampuni. Canada alijibakishia mwenyewe, na mwaka uliofuata akahamia huko, Mississauga.

Hao walionunua walikuwa hodari. Walikifanya kila kitu kiwe kimoja: jengo moja, rangi moja, orodha moja, uso mmoja mlangoni. Mwaka 1965 kuku wa Kanali alifika Uingereza, mji wa Preston. Mwaka 1971 kampuni ikauzwa tena, kwa zaidi ya dola milioni 280, kwa Heublein, kampuni ambayo biashara yake kubwa ilikuwa ni pombe. Piga hesabu: kilichouzwa milioni 2 kikauzwa zaidi ya milioni 280 baada ya miaka 7.

Lakini si fedha iliyomuuma mzee. Kilichomuuma ni mchuzi.

Mchuzi wake wa asili ulikuwa na kazi. Unataka mtu wa kusimama, kukoroga, kujua lini utoe motoni. Kampuni iliona unachukua muda, unagharimu, na vijana wanaoajiriwa leo na kuondoka kesho hawawezi kufundishwa. Mkubwa mmoja wa kampuni alikiri wazi kwamba mchuzi wa mzee ulikuwa mtamu sana, ila unataka mpishi mwenye akili nyingi mno. Basi wakaubadilisha, wakaweka mwepesi kutengeneza, ambao mtu yeyote anaweza.

Mzee akawa na kazi moja ya ajabu. Kwenye televisheni ndiye anayeusifu ule mgahawa. Akitoka hapo anaingia kwenye tawi bila hodi, anapita mpaka jikoni, anachovya kijiko, na ukimchukiza hamfichii mtu. Zile hasira za mahkama ya Arkansas hazikuzeeka. Aliwaambia waandishi wa gazeti la Louisville kwamba mchuzi ule ni sawa na gundi ya kubandikia karatasi za ukutani. Tawi moja, la mji wa Bowling Green, likamshtaki kwa kuchafua jina. Kesi ikafika mpaka Mahkama ya Juu ya Kentucky, ikaisha mwaka 1978 kwa yeye kushinda, kwa sababu hakuwa amelitaja tawi lile, alisema kuku na mchuzi wa kampuni kwa jumla.

Kabla ya hapo alishakuwa na mgogoro na Heublein wenyewe. Yeye na Claudia walifungua mgahawa wao huko Shelbyville, Kentucky, wa chakula cha mezani kama zamani. Wenye kampuni wakapinga namna anavyolitumia jina. Naye akawashtaki kwa kuutumia uso wake kwenye vitu asivyovipika. Fikiria hilo: mtu anabishana na mawakili juu ya jina alilopewa na mama'ke. Walimalizana nje ya mahkama. Mgahawa ule ulibaki kwa jina la mkewe, na upo mpaka leo.

Harland Sanders alifariki Louisville tarehe 16 Disemba 1980, akiwa anaugua saratani ya damu, na miaka 90. Maiti yake iliwekwa kwenye jengo la bunge la Kentucky watu waje kumuaga. Gavana wakati huo alikuwa John Y. Brown, yule yule wakili kijana aliyemnunua. Akazikwa na suti yake nyeupe. Wakati huo kulikuwa na matawi kama 6,000 katika nchi 48.

Nani anaonja?

Sasa turudi kwa suala la mwanangu.

Mgahawa wa mtaa ukipendwa, tunadhani kinachopendwa ni chakula. Chakula ndiyo, lakini nyuma yake yupo mtu mwenye uwezo wa kukataa. Sufuria likiungua kidogo, anamwaga. Nazi ikiwa imechacha, leo hakuna mihogo, njooni kesho. Mtu huyo hafungashiki. Viungo 11 vilifungashika, vikaenda mpaka Ulaya na Asia, na vikafika salama. Mchuzi haukufika, kwa sababu mchuzi haukuwa viungo, ulikuwa ni mtu kasimama.

Matawi yakishakuwa mengi, kinachotafutwa si kitamu kuliko vyote, ni kile kisichobadilika. Tawi la 1 na la 600 lazima yafanane. Na njia rahisi ya kufananisha ni kuteremka mpaka kwenye kile ambacho hata mpishi dhaifu hakosei. Hakuna mtu mbaya hapo. Ni hesabu tu.

Mwaka 2022, mwezi wa Januari, matawi ya kampuni hiyo hiyo nchini Kenya yaliishiwa chipsi. Kenya! Mbatata zilikuwepo tele mashambani. Lakini za kampuni zilikuwa zinatoka nje kwa meli, kwa sababu msambazaji lazima awe amekaguliwa na kukubaliwa kwa kanuni zao za dunia nzima. Meli zikachelewa. Wakenya walikasirika, na kampuni ikaahidi kutazama wakulima wa ndani. Mkahawa wa Corbin usingeweza kukosa mbatata kwa ajili ya meli.

Hata hivyo tuwe waadilifu. Bila ya kutawanya jina lake, mzee huyu angekufa na dola zake 105 kwa mwezi. Mkahawa wa Corbin haukuuliwa na matawi, uliuliwa na barabara. Na kuna maelfu ya watu walioanza kwa kukaanga kuku wake wakajenga nyumba na kusomesha watoto. Mwenye mgahawa mdogo naye anazeeka, magoti yanauma, kodi inapanda, watoto hawataki kukaa jikoni. Kumwambia abaki mdogo kwa ajili ya raha ya midomo yetu si haki.

Jengo la Corbin lipo. Lilifanyiwa ukarabati, likafunguliwa tena mwaka 1990, nusu makumbusho, nusu tawi. Unaweza kukaa palipoanzia yote, ukaletewa kuku yule yule wa kwenye boksi anayeuzwa Ruwi.

Nilichomwambia wifi

Nilikwenda kwa wifi Jumamosi asubuhi, kabla hajafungua. Alikuwa anakuna nazi za chatne. Anakuna mwenyewe, kila siku, na mama mkwe akiwa na nguvu anakaa pembeni kumsaidia na kumkosoa chumvi. Nikamsimulia yote haya huku tunakuna.

Sikumwambia asitie sahihi. Nilimwambia kitu kimoja: Sanders alijua thamani ya viungo vyake, akavificha vizuri, hakuna aliyemuibia. Alichokosa baada ya kuuza mwaka 1964 ni nguvu ya kukataa. Alibakiwa na mshahara, na Canada, na uso wake ukutani, lakini akiingia jikoni kuonja anaonja kama mgeni.

Wifi alinyamaza, akaendelea kukuna. Halafu akaomba kalamu. Kwenye ile mikataba kulikuwa na mpango wa jiko kuu moja, chatne ipikwe huko, itiwe kwenye ndoo za plastiki, isambazwe mara mbili kwa wiki. Akaikata kwa mstari. Akaandika pembeni kwamba chatne itasagwa kila siku kwenye kila tawi, na kwamba yeye, au atakayemteua, anaweza kuingia tawi lolote siku yoyote na kulifunga siku hiyo kama chakula hakimridhishi. Akafuta pia ile nne, akaandika moja.

Mfanyabiashara kazichukua karatasi tangu Jumapili. Mpaka naandika haya hajapiga simu. Huenda akakubali, huenda akaenda kwa mwengine, na wifi anajua kwamba fursa kama hii huenda isirudi. Usiku halali vizuri, naujua uso wake.

Lakini Alhamisi iliyopita tulikwenda kula kwake, na mwanangu akaenda mpaka mlango wa jikoni kuchungulia. Akarudi mezani ametulia, akasema kwamba hapa amemuona mwenye kuonja.